Pesa ya Kwenda Nayo Kionga

Habari ile ililetwa na Shabani Idhaa, naye hakusubiri hata kushuka kwenye baiskeli.

"Mto umefunguliwa!" alisema, mguu mmoja chini, mmoja kwenye pedeli. "Mwenye ndugu Msumbiji aende akamsalimie. Mwenye ndugu huku, aje. Imetangazwa saa saba mchana, kwa sauti ya mwanamke."

Shabani ni fundi baiskeli hapa Rahaleo. Redio yake ameifunga kwenye usukani kwa ukanda wa tyubu, na kila anachokisikia hawezi kulala nacho, lazima akimwage kwanza kwenye kibanda cha Magreth. Ndiyo maana tukamwita Idhaa. Nusu ya habari zake huwa za kweli. Tatizo ni kwamba hatujui nusu ipi.

Magreth ni mjane wa Kimakua kutoka Masasi. Ana mabati manne, mabenchi mawili, birika la chai ya rangi, na karai la mihogo ya kukaanga. Tunamwita Mama Mihogo. Chai yake ni senti ishirini, na haikopeshwi.

Jioni hiyo, mwezi wa saba mwaka sabini na tano, kwenye benchi tulikuwa watatu. Mimi, ninayeuza stempu posta. Gaudensi, mtu wa Songea, karani wa ofisi ya mkoa, ambaye hajawahi kutoa maoni yake mwenyewe tangu nimjue. Hutoa ya serikali. Yeye tunamwita Sakyula, yaani waraka. Na Hassani Winchi, anayeendesha winchi bandarini. Hassani kazaliwa Kionga, ng'ambo ya mdomo wa Ruvuma. Alivuka kuja huku mwaka sitini na tano, Wareno walipokuwa wakikamata vijana, na tangu hapo hajarudi.

Hassani alikiweka kikombe chini taratibu, kama anateremsha mzigo wa watu.

"Mimi nimeshajaza fomu ya livu," alisema. "Siku ishirini na nane. Nakwenda ng'ambo."

"Ng'ambo ipi?" Gaudensi akauliza.

"Ng'ambo."

"Ng'ambo ya Ulaya, au ng'ambo ya mto?"

"Fomu imeuliza mahali pa kutumia likizo. Nimeandika nchi za nje. Bosi kaigonga muhuri bila kusoma."

Shabani akashuka baiskeli. Jambo limekuwa zito.

"Kwa hiyo wewe," alisema, "ndiye mtu wa kwanza wa benchi hili kwenda likizo nchi za nje."

"Nakwenda kwa dada yangu."

Magreth akatoa kichwa kwenye moshi. "Kwa Fatuma?"

"Kwa Fatuma."

Habari za Fatuma tulikuwa tunazijua vipande vipande. Mama yao alikufa Hassani akiwa bado ananyonya. Fatuma, ambaye wakati huo hata hajaolewa, ndiye aliyemlea. Hassani alipokimbia, dada alikataa kuja. Alisema mikorosho haiwezi kuvuka mto. Tangu siku hiyo hakuna barua. Mwaka sabini na moja mkimbizi mmoja alimwambia Hassani kwamba dada yake yu hai, na kwamba amekonda. Basi. Miaka kumi, na habari yenyewe ni neno moja, amekonda.

"Sasa swali linabaki moja tu," Shabani alisema. "Unakwenda na pesa gani?"

"Pesa si pesa?"

"Hee! Achimwene, ndugu yangu, usiseme hivyo mbele ya watu. Hizi shilingi zako ukizivusha, kule ni karatasi za kufungia karanga."

"Kwanza hazivuki," alisema Gaudensi. "Kwa mujibu wa waraka, shilingi ya Tanzania haitoki nje ya Tanzania."

"Ikitoka?"

"Haitoki."

"Nikiitia mfukoni nikavuka nayo?"

"Utakuwa umeitorosha."

"Nimeitorosha pesa yangu mwenyewe?"

"Si yako. Ni ya nchi. Wewe umepewa uitumie."

Hassani akanitazama mimi, kana kwamba posta ina jibu. Nikasema kuna hawala ya posta.

"Inafika Kionga?"

"Haifiki. Kule hatujaanza kupeleka hata barua."

"Sasa umeitaja ya nini?"

"Nilikuwa nachangia."

Shabani akavuta benchi. "Nisikilizeni mimi. Kule wanatumia eskudo. Kwa hiyo abebe eskudo. Lakini!" Akainua kidole chenye grisi. "Eskudo ni mgonjwa. Ile noti ina picha ya Mreno mwenye ndevu. Mreno mwenyewe keshapanda meli, kaacha picha. Siku wakiamka wakasema na picha hii hatuitaki, wewe uko Kionga na mfuko mzima wa ndevu. Mimi ningekuwa wewe ningebeba pauni ya Mwingereza."

"Pauni ina picha ya nani?"

"Malkia."

"Kionga hawamjui."

"Malkia anajulikana dunia nzima!"

"Mimi nimezaliwa Kionga," Hassani alisema kwa upole. "Tulikuwa na Mjerumani. Halafu tukawa na Mreno. Mwingereza hatukupewa."

Magreth alikuwa anageuza mihogo. Aliuliza bila kutugeukia. "Hassani, huyo dada yako anapungukiwa na nini?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Nilipoondoka alikuwa anapungukiwa na kila kitu. Sijui kipi kimepatikana tangu hapo." Akamgeukia Magreth. "Lakini Mama Mihogo, sitaki kufika mikono mitupu. Siku ile nilimwambia nakwenda kutafuta. Nimetafuta miaka kumi. Nikifika sina kitu, atajua nilikuwa nakaa tu."

Akiba yake ilikuwa shilingi mia tano. Gaudensi akamwambia njia ya halali ni moja, benki, na aende na barua ya mwajiri.

Hassani alikwenda benki Jumatatu akiwa amevaa suruali ya Idi. Alirudi kwetu jioni na suruali ile ile, ila imekunjamana kama ya mtu aliyelala mahabusu.

"Wamekupa?" tukamuuliza.

"Wameniuliza."

"Wamekuuliza nini?"

"Kila kitu. Karani kijana, mpole, ana kalamu mbili mfukoni. Kaniambia, ndugu, fedha za kigeni hutolewa kwa msafiri mwenye tiketi. Tiketi yako ya ndege iko wapi? Nikamwambia siendi kwa ndege. Ya meli? Siendi kwa meli. Unakwenda na nini? Nikamwambia hadi Kilambo nakwenda na lori la chumvi, pale naingia mtumbwi. Kaandika mtumbwi. Akaniuliza, mtumbwi wa shirika gani?"

"Ni swali la kawaida," Gaudensi alisema. "Lipo kwenye fomu."

"Nikamwambia ni wa mtu na mpwa wake. Kaandika hivyo hivyo. Kaniuliza hoteli nitakayofikia. Nikamwambia kwa dada. Kaniuliza ina vyumba vingapi."

Shabani alikuwa ameshika tumbo.

"Usicheke," Hassani alisema. "Tulikuwa tunaelewana vizuri. Halafu akafungua karatasi ndefu ya majina ya pesa. Kuna pauni, kuna dola, kuna mark, kuna kwacha, kuna ya Wajapani. Kasoma juu hadi chini, kasoma chini hadi juu. Eskudo haimo. Kapiga simu Dar. Dar wamemwambia subiri. Tumesubiri hadi saa sita. Dar wamepiga simu wakasema, subiri."

"Sasa?"

"Kanionea huruma. Kasema anaweza kunipa hundi za wasafiri, za pauni. Nikifika kule naweza kuzivunja kwenye benki yoyote kubwa Lorenso Markesi, mji mkuu wao."

Tukapima umbali. Kutoka Kionga hadi Lorenso Markesi ni mbali kuliko kutoka hapa hadi Dar, urudi, uende tena, urudi tena.

"Ukamjibu nini?" nikauliza.

"Nikamshukuru. Kijana mwenyewe mstaarabu."

Ndipo Shabani akaleta mtu wa Nanyamba. Alikuja naye Jumatano, kampakia nyuma ya baiskeli. Mzee mfupi, mkulima wa korosho, mkononi ana mkebe wa maziwa ya unga. Alikuwa amefanya kazi upande wa Wareno ujanani, akarudi na eskudo zake, akazifukia nyuma ya jiko akisubiri bei ipande. Alisubiri miaka kumi na mbili. Sasa anauza eskudo nne kwa shilingi moja, na mkebe ni bure.

Gaudensi akasimama. "Mimi ni mtumishi wa serikali. Jambo linalotaka kufanyika hapa ni kosa." Akageuka, akaangalia barabara.

Mzee akamimina noti kwenye benchi. Zilinuka udongo. Mchwa walikuwa wamezitembelea.

"Hii haina pembe," Hassani alisema.

"Kule hawaangalii pembe," mzee alisema. "Wanaangalia ndevu. Ndevu zipo zote."

"Na hii?"

"Hiyo imelowa tu."

"Ile ya kushoto imechanika katikati," Gaudensi alisema akiwa bado ameangalia barabara. "Abadilishe."

Hassani akanunua eskudo mia nne kwa shilingi mia moja. Mzee akapewa muhogo, akapanda nyuma ya baiskeli, akaondoka akiwa ameridhika kabisa, jambo ambalo lilimtia Hassani wasiwasi usiku kucha.

Kesho yake Shabani akaja na habari nyingine. Anasikia serikali mpya kule inataka kuzikusanya noti zote za Mreno na kuzichoma. Lini? Hawakutaja. Nani kasema? Mawimbi yalikuwa yanakoroma, lakini neno "kuchoma" alilisikia wazi.

"Inawezekana walikuwa wanazungumzia samaki," nikasema.

"Kwenye taarifa ya habari?"

Hassani hakumaliza chai yake. Magreth ndiye aliyeukata ubishi. Alifuta mikono kwenye khanga, akahesabu kwa vidole. "Sabuni miche minne. Sukari kilo mbili, ukipata. Khanga doti mbili, na uangalie maandishi, usimpelekee mtu mzima maneno ya mapenzi. Sindano na nyuzi. Birika. Nchi iliyotoka vitani haina sindano, hilo halihitaji redio."

"Sukari ina kibali chake," alisema Gaudensi.

"Bwana Gaudensi, kula muhogo."

Hassani akaondoka Jumamosi. Mzigo kichwani, eskudo kwenye soksi ya kulia, shilingi mia mbili zilizobaki kwenye soksi ya kushoto. Shabani alimkumbusha mara tatu asichanganye miguu.

Siku ishirini na nane ni nyingi. Tulikwisha kupanga nani atakaa mahali pake kwenye benchi. Siku ya kumi na moja, saa kumi jioni, tukamwona anakuja. Hana mzigo. Anatembea kama mtu anayerudi kazini. Akasalimia, akakaa, akaagiza muhogo, akala wote. Hakuna aliyemsemesha hadi alipolamba chumvi vidoleni.

"Fatuma yuko hai?" Magreth akauliza.

"Yuko hai."

Tukapumua. Shabani alikuwa amejizuia muda mrefu mno. "Na pesa? Ipi ilishika?"

"Nianze na mwenye mtumbwi," Hassani alisema. "Nikampa eskudo, maana ananipeleka kwenye eskudo. Kaziangalia, kasema hizo za Mreno hazitaki, anataka shilingi. Nikampa shilingi. Tukafika. Kuna askari wao, kijana mdogo, bunduki ndefu kuliko yeye. Kafungua mzigo, kaona sindano. Kaniomba moja. Kashonea kifungo pale pale, kanirudishia sindano, akasema pita, ndugu."

"Hakuuliza fedha?"

"Hakuuliza hata jina. Nikafika Kionga. Duka lililobaki ni moja. Nikaingia na eskudo. Mwenye duka kaipokea kwa mikono miwili, kasema pesa yako nzuri, ndugu yangu, eskudo inatumika, haijachomwa na mtu. Nikamwambia basi nipe unga. Kasema hana. Mafuta? Hana. Chumvi? Hana. Nikatoa shilingi, nikidhani labda ananificha. Kasema shilingi pia nzuri, anaipenda zaidi. Lakini hana."

"Sasa duka anafungulia nini?" Shabani akauliza.

"Kasema akifunga watu watadhani hali ni mbaya."

Gaudensi akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesikia sera nzuri.

"Dada nilimkuta anachambua mboga," Hassani akaendelea, na sauti ikashuka. "Mimi sikumtambua. Nilimwamkia kama mama wa mtu mwingine. Yeye aliniangalia, akasema, mbona umechelewa? Hivyo tu. Kama vile alinituma dukani. Halafu akaingia ndani, nikamsikia analia huko huko ndani. Akatoka ameshanawa uso."

Magreth aliacha karai.

"Nikampa khanga, sukari, sabuni. Kafurahi. Sabuni kaikata vipande, hadi magharibi keshagawa mtaa mzima, kabakiza kipande kama ukucha. Nikatoa zile eskudo mia nne, nikampa, nikasema dada, hizi ni za matumizi yako, nimetafuta. Kazishika. Kaniambia ngoja. Akachimba pembeni ya mafiga, akatoa chungu kimevunjika mdomo, ndani kuna kitambaa. Kakifungua mbele yangu."

Akachukua kikombe cha Gaudensi, akanywa, na Gaudensi akamwachia.

"Eskudo elfu mbili na mia tatu. Noti na sarafu. Anasema kila msimu wa korosho aliuza, akagawa mafungu mawili. Fungu lake na fungu langu. Lake kala. Langu hakuligusa. Wareno waliwahamisha, wakawaweka ndani ya seng'enge miaka minne, watu wanakula mizizi, na chungu kafukia hapo alipolala. Nikamwambia, dada, kwa nini hukula? Kasema si zangu."

Hata redio ya Shabani, iliyokuwa inaongea peke yake kwenye usukani, mwenyewe aliifikia akaizima.

"Mimi niliyekwenda kumwonyesha nimetafuta," Hassani alisema. "Nina soksi mbili."

Gaudensi alikohoa. Nadhani alitaka kusema jambo la kibinadamu, lakini hakuwa na mazoezi. "Kwa hiyo likizo yako," alisema, "imeingiza fedha za kigeni nchini."

"Ndiyo nakuja huko. Nilimwambia asinipe. Kakasirika. Nikazipokea. Halafu akaniuliza, kwenu huko hizi zinatumika? Nikamwangalia usoni." Akajifuta jasho. "Nikamwambia zinatumika kote."

"Hassani!" Shabani alisema.

"Wewe ungemwambiaje? Ungemwambia hazimo kwenye karatasi ya benki? Sasa amekuja. Nimekuja naye. Kasema anataka kuona ninapoishi. Yuko nyumbani, mke wangu Somoe anamsuka. Tangu asubuhi anauliza, wale rafiki zako waliokaa nawe miaka yote ni akina nani, nikawanunulie chai. Kwa mkono wangu. Kwa pesa yetu ya korosho. Anakuja sasa hivi."

Hapo benchi likachemka.

"Mwambie ukweli," Gaudensi alisema.

"Mwambie wewe."

"Mtu wa Nanyamba!" Shabani akapiga paja. "Atazinunua yule! Anazijua!"

"Nimempitia njiani. Kasema biashara hiyo ameshaiacha, sasa amepumzika."

"Basi tumlipie sisi," nikasema. "Akitoa tukatae, tumwambie wageni hawalipi."

"Hujamjua dada yangu. Ukimkataza atadhani hela yake mbaya. Na atakuwa amedhani sawasawa."

"Benki wanaweza kuandikiwa," alisema Gaudensi. "Nakala kwa Dar. Ndani ya miezi sita—"

"Ndani ya dakika sita, Bwana Gaudensi. Yule pale."

Alikuwa anakuja na Somoe. Fatuma mwenyewe ni mwanamke mrefu, mwembamba kweli kama alivyosema yule mkimbizi, nywele zimesukwa upya, kavaa doti mpya. Tukasimama wote, hata Shabani. "Shikamoo, dada," tukasema kwa pamoja, kama darasa. "Marahaba, wanangu," akasema, akatushika mikono mmoja mmoja, akiuliza jina na kazi. Kwangu alisema, "Stempu? Basi wewe ndiye ulikuwa huleti barua." Nikaomba radhi kwa niaba ya posta.

Akakaa katikati. "Mama," akamwambia Magreth, "wape wote chai. Na wewe unywe."

Magreth akamimina. Tulikunywa chai ile kwa adabu ambayo kibanda kile hakijawahi kuiona. Hassani alikuwa anaangalia chini, anachora mchanga kwa kidole cha mguu. Bi Fatuma alipoona vikombe viko tupu, akatoa kitambaa kifuani, akakifungua pole pole kwa meno na vidole, akachagua sarafu moja kubwa ya eskudo kumi, akaiweka mezani.

"Inatosha?" akauliza.

Magreth akafuta mikono kwenye khanga. Akaiokota sarafu, akaigeuza upande mmoja, akaigeuza wa pili.

"Inazidi, dada," alisema. Akafungua kopo lake, akahesabu. "Chenji yako hii hapa. Shilingi moja na senti kumi."

Gaudensi akafungua mdomo. Magreth akamtazama. Akaufunga.

Bi Fatuma akazipokea zile sarafu zetu, akaziangalia kwa makini, akamgeukia mdogo wake. "Pesa yenu ndogo," alisema, "lakini nzuri." Akazifunga kwenye kitambaa pamoja na nyingine. Hassani akageuza uso upande wa pili, akawa anaangalia baiskeli ya Shabani kama mtu anayetaka kuinunua. Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi, na kila mmoja wetu akapata jambo la kufanya. Mimi nilifunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndara.

Walipoondoka, Gaudensi alikaa muda mrefu akiangalia lile kopo la Magreth.

"Utaipeleka wapi hiyo eskudo?" akauliza hatimaye.

"Itakaa hapo."

"Ana elfu mbili na mia tatu, Mama Mihogo. Na kaipenda chai yako. Atakuja kesho."

"Najua."

"Na keshokutwa."

"Najua, Bwana Gaudensi."

Tukainuka kuondoka. Nikaweka senti ishirini zangu za kikombe cha kwanza juu ya meza kama siku zote. Magreth alizitazama, akazisukuma kunirudishia.

"Chai imepanda," alisema. "Senti thelathini. Kuanzia sasa."

"Kwa nini?" Shabani akauliza. "Sijasikia ikitangazwa!"

Magreth alikuwa ameshaanza kumenya mihogo ya kesho.

"Hali ya fedha za kigeni," alisema.

Gaudensi Sakyula akatia mkono mfukoni, akaongeza senti kumi, akavaa kofia yake. Nasi tukaongeza, kila mmoja, tukaenda zetu.